Gurudumu la Mbele

Mjomba alishuka kutoka mlimani siku ya Alhamisi bila kuitwa, na hapo hapo nikajua nimekosea.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kila alfajiri nilitoka nyumbani kwetu Mwembesongo, nikapita stendi ya Msamvu kabla wapiga debe hawajapasha sauti zao, nikashika barabara ya Dodoma. Nilijifunza kukaa ukingoni mwa lami lori linapopita, maana upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta. Nilijifunza kunywa maji huku naendesha na kuziba pancha juani. Jumamosi, mimi na wenzangu wawili tungekwenda Gairo kwa bibi yangu mzaa baba. Ingekuwa safari yangu ya kwanza ndefu kwa baiskeli. Bibi alikwisha kunitengea karanga. Baba alikwisha kunibariki, tena kwa majigambo, kwa kuwa Gairo ni kwao.

Lakini mama yangu ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Safari kubwa huambiwa mjomba kwanza. Mimi nilikuwa nimemwambia hata muuza chapati, mjomba nikamsahau.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuketi. Aliitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. "Hiki kijiti ndicho kitakachokupeleka kwa kina baba yako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na mwenye mtoto anazisikia habari sokoni, anauza maharage."

Akachuchumaa, akafungua gurudumu la mbele, akaingia nalo chumbani alikofikia. Baiskeli ikabaki uani imepiga magoti.

"Kaka, mtoto amekosa. Msamehe," mama akasema, macho yake kwenye ungo wa mchele.

"Yeye nimekwisha kumsamehe. Gurudumu bado."

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, alitoka nalo. "Lete hiyo mifupa yako."

Tulikwenda kwa miguu hadi njia inayopanda Uluguru inapoanza kusimama. Hapo akalirudisha gurudumu mahali pake, akaniagiza nipande juu, nigeuke, nishuke.

Ujanani mjomba aliteremsha ndizi kwa baiskeli isiyo na breki, akipunguza mwendo kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la nyuma. Siku moja ndala ilichomoka. Kisigino chake kina kovu ambalo nyumbani kwetu hutajwa kwa sauti ya chini. Na mimi, katika mazoezi yangu yote, nilikwepa miteremko. Barabara ya Dodoma hadi Dakawa ni tambarare, ikanifichia woga wangu. Lakini Gairo iko juu. Kurudi kungekuwa kushuka, na hilo sikumwambia mtu.

"Nitasimama hapa," alisema. "Nawe simama nilipo."

Nikashuka. Upepo ulijaa masikioni, kokoto zikaruka, migomba ya kando ikawa mstari mmoja wa kijani. Nilipoona kanzu yake nyeupe katikati ya njia, nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likanyanyuka. Nikaachia. Kanzu ikakua. Nikabana zote mbili, taratibu, huku tumbo langu likirudi nyuma ya tandiko bila mimi kuliagiza, na tairi likasimama likigusa pindo lake.

Hakuwa amesogea.

"Mjomba! Kwa nini hukukwepa?"

"Lori litakukwepa?"

"Ningekugonga!"

"Ungenigonga, tusingekuwa na safari ya kubishania." Akapangusa vumbi kwenye kanzu. "Panda tena."

Nikapanda tena, na tena, hadi viganja vikawaka moto na kivuli cha mlima kikatufikia. Kisha akalifungua gurudumu, akaliweka begani. Nikaona yamekwisha. Nilisukuma mifupa yangu hadi nyumbani nikitafuta maneno ya kumwambia bibi kwamba siji.

Mlangoni akanigeukia. "Shika. Funga mwenyewe."

Nilifunga haraka haraka. Alilitikisa kwa kiganja, likacheza. Akalifungua tena. Nikafunga upya. Safari hii halikucheza.

Akaomba maji kwa mama, akayajaza mdomoni, akanipulizia kifuani, baraka ya mjomba kwa msafiri. Yalikuwa ya baridi.

"Nenda. Ila ukirudi, njoo mlimani kwanza. Karanga za bibi yako tuzionje sisi kabla ya baba yako."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Niliwaandikia wenzangu kwamba nakuja, kisha nikarudi uani kukaza nati upya.