Skripti Yangu Ilivyofuta Ukoo wa Mama

Nikienda Mabamba, kijijini kwa kina mama mpakani na Burundi, siku hizi napita njia ya nyuma, maana watoto wa huko wakiniona wanalia kama ng'ombe, na kosa ni langu, wala simsingizii mtu.

Tulikuwa tunamuaga dada yangu Evelina hapa Kasulu, akaolewe, na mimi (mtu wa kukaa nyumbani, kidato cha nne, mwenye laptopu iliyovunjika kona) nikapewa kazi ya kuandika orodha ya ndugu watakaoitwa mbele mmoja mmoja, wakwe wawaone. Siku tatu niliandika, mvua ikinong'ona kwenye bati, ukungu ukipanda kutoka bondeni hadi mlangoni, na kabla ya majina ya kila kundi la ndugu nikawa najiandikia utani wa siri wa kujichekesha, ukianza na mstari wa MZAHA na kuishia na mstari wa MWISHO, ili nije niufute.

Nifute kwa mkono? Mimi na uvivu wangu wote? Nikatunga skripti, amri fupi ya kompyuta: kila ukikuta MZAHA, futa mpaka MWISHO. Nikabonyeza, utani ukayeyuka kama ukungu wa saa nne, nikachapisha bila kusoma, nikarudi dirishani kutazama mawingu.

Kumbe utani wa kundi la mwisho, watu wa mama kutoka Mabamba, sikuufunga (nadhani nilisinzia hapo), na skripti haiulizi: isipouona MWISHO inafuta hadi chini kabisa, majina na yote.

Sherehe ikafika. Watu wa baba wakaitwa, wakacheza, wakakaa. Nikageuza karatasi: nyeupe. Basi nikasema kwenye kipaza sauti, taratibu, kama naota, "Ndugu wamekwisha. Karibuni chakula."

Mama mkubwa Domitila, dada yake mama, alikuwa ameshajipanga na wenzake nyuma ya turubai, kikapu cha maharage kichwani.

"Yoo! Mwana wanje, mwanangu, sisi tumekwisha lini?"

Wakwe wakatazamana. Evelina akaanza kulia, wanja ukamshuka mashavuni. Mama akaninong'oneza, "Wasipoitwa leo, dada zangu hawakanyagi tena kwangu."

Nakala nyingine ilikuwa kwenye simu tu, ile ya kabla ya kufuta. Nikaifungua, nikasoma mstari wa kwanza nilioukuta:

"Mama mkubwa Domitila akikoroma Mabamba, ng'ombe wa Burundi wanaitika."

Nilisikia manyunyu yakigusa turubai, nikatamani niwe manyunyu.

"Endelea," akasema mama mkubwa. "Soma wote. Kutaniwa nimezoea. Kufutwa, hapana!"

Akaja mbele akicheza na kikapu chake, akaninyang'anya kipaza sauti, akakoroma. Baba mkwe wa Evelina, mzee mzima na koti lake, akaitika: "Mmooo!"

Tangu siku hiyo nafuta mstari mmoja mmoja, kwa kidole, na nikifika kwenye jina la mama mkubwa naondoa mkono kabisa, nausubiri ukungu upite.