Nikahi ya Zulfa na Kadi Zangu Tatu

Aibu hii nimeimeza muda, na lau si kwamba Kibokoni nzima hapa Mombasa yaijua tayari nisingewasimulia, lakini kwa kuwa kila nikipita kuna mtu barazani anayeinamisha uso kuficha meno, heri muisikie kutoka kinywani mwangu mwenyewe kuliko muisikie ilivyokwisha kutiwa chumvi.

Mimi Rukia ni fundi wa kompyuta katika afisi moja ya mawakala wa forodha kule Kilindini. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine hazilali wakati makarani wanahangaika na makaratasi ya makontena (na zikilala, mimi ndiye wa kwanza kulaumiwa, hata umeme ukipotea mji mzima). Kwa hivyo binamu yangu Zulfa alipoposwa na siku ya nikahi ikapangwa, kisha ikazuka shida ya babake, macho yote yaliniangukia mimi.

Babake Zulfa ni Ami Salim, ndugu yake babangu, na anaishi Maskati tangu sisi wadogo. Tikiti ya ndege alikuwa ameshakata, nguo ameshatia sandukuni, akateleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari akamkataza safari. Akampa babangu uwakili wa kumuozesha bintiye, na kisheria hilo halina neno, lakini siku aliyopiga simu kutuambia, sauti ilimkatika katikati, Zulfa akaingia chumbani akafunga mlango, na mimi bila kuulizwa na mtu nikajikuta nimesema, "Ami, utakuwepo. Utaona kila kitu kama uko ukumbini."

Basi nikawa nimejifunga mwenyewe.

Nyumba yetu ni ya zamani na kuta zake za mawe ni nene kiasi kwamba mtandao wa hewani hufa ukiwa njiani, hivyo nikaamua kupitisha nyaya. Ukumbi wa chini wangekaa wanaume na kadhi, nikaweka kamera moja na skrini moja. Chumba cha juu wangekaa wanawake, nikaweka kamera na skrini pia. Kwenye stoo chini ya ngazi nikaweka kompyuta yenye kadi tatu za mtandao, na kadi ya mtandao ifikirieni kama mlango tu: mlango mmoja watoka kwenda kwenye intaneti mpaka Maskati, mmoja wapanda juu kwa wanawake, mmoja wenda ukumbini kwa wanaume. Ami Salim angeona kote kuwili. Wanawake wangemuona Ami na wangeona nikahi inavyofungwa. Wanaume wangemuona Ami peke yake, kwa sababu chumba cha wanawake hakiwahusu, na kamera ya juu nilikuwa nimeielekeza kwenye kile kiti kilichopambwa kwa maua cha biharusi, ili Zulfa akitolewa baada ya nikahi babake amuone vizuri.

Asubuhi ile tulijaribu, kila kitu sawasawa. Ami akaniombea dua ndefu. Alasiri ikikaribia, mamangu naye akanikamata jikoni akanipaka liwa, ule msandali wa kusagwa, uso mzima, akisema siwezi kwenda mbele za watu na uso uliochomwa na jua la bandarini, nisubiri likauke kisha nikaoshe. Nikajifunga kitambaa kichwani nikarudi stoo kungoja likauke.

Na hapo ndipo nilipojitafutia. Zile kadi, mashine yenyewe huzipa majina ya ajabu, enp3s0, enp4s0, mithili ya dawa ya kunguni, na mimi nikiwa nimekaa na liwa langu sina la kufanya nikaona hayapendezi. Nikafikiri, mbona nisiziite Dunia, Juu na Chini? Dunia ni ile ya intaneti, Juu ya wanawake, Chini ya wanaume, jambo lieleweke, tena nipige picha nimpelekee Mutua, mwenzangu kazini, ambaye majina yale humuudhi kila siku. Kabla ya kuanza nikampigia kumtambia. Mutua ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama mashine yafanya kazi, nikamwambia yafanya, akaniambia basi niiache. Nikacheka nikakata simu.

Kubadilisha majina si kazi kubwa. Kila kadi ina namba yake iliyotoka nayo kiwandani, wewe waiambia mashine, kadi yenye namba hii iite hivi, yenye namba ile iite vile, kisha waizima na kuiwasha. Lakini kadi zangu mbili nilizinunua pamoja duka moja, namba zao zafanana kama pacha, zimepishana herufi ya mwisho tu, na nilizisoma mgongoni mwa mashine kwa taa ya simu, nimepinda shingo, nikijihadhari liwa lisimeguke. Kwa kifupi nilizipachika kinyume. Ya wanawake ikaitwa Chini, ya wanaume ikaitwa Juu, na mimi sina habari.

Nikawasha. Ami hayupo. Skrini nyeusi, na nje nasikia wageni wameanza kuingia, watoka msikitini kuswali alasiri, na sauti ya babangu yawakaribisha. Nikaona kosa upesi: yale maagizo yote niliyokuwa nimeyaandika mwanzo bado yalikuwa yakiita kadi kwa majina ya zamani, na sasa hakuna kadi inayoitikia majina hayo. Nikayapitia moja moja nikaandika Dunia, Juu, Chini, Ami akarudi, na mimi wallahi nikajiona bingwa.

Dakika haikupita, mamangu akaita kutoka ngazini kwamba wao juu wamuona shemeji Salim tu, ukumbi hawauoni, na kadhi amefika. Mtu mwenye akili angeshuku majina. Mimi nilitazama mashine, nikaona imeandikwa Juu, inafanya kazi, Chini, inafanya kazi, nikaiamini kwa sababu maneno yenyewe nimeyaandika mimi. Nikasema basi ubaya uko kwenye kamera ya huko juu au waya wake. Nikapanda mbio.

Chumba kimejaa shangazi na khalati na majirani, wamekaa pembeni mbali na kamera kama nilivyowaomba. Zulfa bado yuko ndani anavishwa. Nikaenda moja kwa moja nikaketi kwenye kiti cha biharusi, katikati ya maua, niwe mbele ya kamera, nimpungie Ami mkono. Liwa lilikuwa limekauka sasa, limepasukapasuka kama matope ya mkoko maji yakitoka.

"Ami, waniona?" nikasema. "Leo biharusi ni mimi."

Ami akafungua kinywa akakifunga. Nikadhani sauti imekatika, nikasogea karibu zaidi na kamera, nikapaza.

"Kama hunioni usijali, hukosi kitu. Ila bwana arusi nilimchungulia alipoingia, yuwatetema kama mtu apelekwaye kung'olewa jino. Twamuozesha Zulfa huyu kweli?"

Wanawake nyuma yangu wakacheka, na nikasikia kicheko kingine, kizito, chapanda kutoka ukumbini kupitia dirishani, nikashangaa hawa nao wacheka nini. Ami Salim alikuwa ameshika mbavu. Alipopata pumzi akaniambia, polepole, kwa huruma, "Rukia mwanangu, ondoka kitini. Babako na kadhi wakutazama."

Sijui niwaelezeje. Ukumbi mzima, kadhi, babangu, bwana arusi, babake bwana arusi, wazee wa mtaa, wote wamewekewa uso wangu kwenye skrini kubwa (niliichagua kubwa makusudi, ili wazee wasijisumbue na miwani). Niliondoka kitini nikiwa nimeinama kama mtu apigwaye mawe, nikaitupia kamera leso, nikashuka ngazi sijui nilikanyaga wapi.

Kufika stoo, mkono ukatangulia akili. Nikataka kukata picha ya wanawake isifike kwa wanaume, nikang'oa waya wa kadi iliyoitwa Juu. Mnakumbuka Juu ilikuwa nani: wanaume, ambao mashine iliwadhania ndio wanawake, ikawafungulia picha ya chumba cha pili. Ukumbini Ami Salim akapotea.

Kicheko kikakatika. Kukatika huko ndiko kulikoniuma kuliko aibu yenyewe. Babangu akaja mlangoni mwa stoo. Nilimngojea anikaripie. Alinitazama uso, akatazama pembeni kidogo, mdomo ukamchezacheza, kisha akasema kwa upole kwamba kadhi ana nikahi nyingine Makadara na hawezi kukaa sana, lakini yeye hataozesha mpaka nduguye aone. "Nitamshika kwa kahawa," akasema. "Wewe fanya."

Majina mazuri yanikodolea macho, na nikajua nikianza tena kuandika nitaharibu zaidi. Nikaacha kuyatazama. Nikakamata nyaya zenyewe, wa kwenda juu na wa kwenda ukumbini, nikaufuata kila mmoja kwa kiganja mpaka ukutani nikahakikisha wapotelea wapi, nikazibadilisha nafasi: uliokuwa huku nikauchomeka kule. Ami akatokea ukumbini. Juu vigelegele vikaanza, maana wameuona ukumbi.

Nikahi nikaiona nikiwa stoo, nimekaa juu ya gunia la mchele. Babangu akatamka, bwana arusi akaitikia amekubali, sauti imetulia, wala haikutetema. Ami Salim alikuwa ameinua mikono, machozi yamtiririka kwenye ndevu, na leso ilipoondolewa kwenye kamera, Zulfa akatolewa na kuketi, akamwambia maneno ambayo ni yao wawili, nami nikapunguza sauti nisiyasikie.

Niliosha uso nikajificha jikoni, lakini bwana arusi mwenyewe, Nasri, alikuja mpaka mlangoni kuniamkia. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akasema alikuwa ameogopa hata yale maneno mawili matatu ya kujibu yamemtoka kichwani, na alipocheka ndipo yakarudi. Sijui ni kweli au ni uungwana wake. Tangu siku hiyo nampenda kama ndugu.

Mwezi uliopita alinialika dukani kwake karibu na Marikiti nimfungie kompyuta mpya, nayo ina kadi nne. Zulfa alikuwa amepika mahamri akayaleta mwenyewe akakaa kunitazama. Zile kadi zikatokea na majina yao mabaya kama kawaida, Nasri akasogea akayasoma kwa taabu, akaniuliza mbona nisizipe majina ya watu.

Nikamwambia, "Shemeji, niache."

Nikakata vipande vya plasta, nikaandika kwa kalamu, nikabandika kimoja kwenye kila waya, na hivyo ndivyo nitakavyofanya mpaka nistaafu. Mashine iliyoamka salama sitaigusa jina, hata ijiite matusi. Zulfa akanipa hamri la pili, akasema babake aanza kutembea kwa mkongojo na mwezi ujao yuaja Mombasa, ataka kuniona uso kwa uso, na ameomba nimpokee mimi uwanja wa ndege.