Ubongo Nao Una Jiko

Siku ya ruracio ya dada yangu, mama yako, naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo wakwe walikuja kuzungumza mahari, kwa sababu nusura niiharibu, na wewe usingezaliwa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea ubongo, na nilikuwa na maswali kwa kila mtu: padri, mwalimu, hata daktari wa meno.

Asubuhi hiyo, nyumbani kwa shosho, nyanya yetu, karibu na Karatina, nilipewa kazi ya kusimamia ratiba. Nikaingia jikoni. Wanawake walikuwa kumi na mmoja, maana kwetu jirani haalikwi kupika, anakuja na kisu chake. Watatu walikuwa wakikoroga sufuria. Wanane, kwa macho yangu, walikuwa wamekaa tu: huyu anasukuma kuni, yule anapangusa vikombe, mwingine anamenya viazi huku akisimulia habari za ng'ombe wa jirani.

"Kazi hii inatosha watu watatu," nikasema. "Ninyi wengine nendeni mkae hemani kama wageni."

Wakatazamana. "Ati tukae hema?" Mama Wangari akauliza. "Haya, msomi amesema. Twende tukakuwe wageni." Wakaondoka wakicheka, nami nikajiona mkombozi wao.

Wageni kutoka Kiriaini walifika saa tano. Wazee wakaingia sebuleni, wakasalimiana, wakasubiri. Mazungumzo ya mahari hayaanzi kabla mgeni hajanywa uji, na uji haukuja. Moto ulikuwa umezimika kwa kukosa mtu wa kusukuma kuni, vikombe vilikuwa vichafu, na mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, ulikuwa umeungua chini. Nusu saa ikapita. Mjomba wa baba yako akachukua kofia yake.

"Kama hamtaki kijana yetu, semeni tu," akasema. "Gari iko hapo nje."

Mama yako alisikia akiwa chumbani, akaanza kulia. Shosho alinitazama mara moja tu, kisha akaenda hemani.

"Nani amewaweka hapa?"

"Msomi wako," akajibu Mama Wangari. "Leo sisi ni wageni. Na pia sisi hatujaona uji."

Lakini walikuwa wameshasimama. Muda si mrefu moto ukawaka, vikombe vikazunguka, na wazee wakapata sauti.

Shosho alinikuta nyuma ya nyumba nikisugua sufuria iliyoungua.

"Hiyo shule yako, unasoma nini?"

"Ubongo, shosho. Seli zinazopeleka ujumbe."

"Na hizo seli zikiongea siku mzima, nani anazipikia?"

Nikaendelea kusugua.

"Unauliza watu kila kitu," akasema, "lakini hujawahi kuuliza uji imetoka wapi. Sugua hapo pembeni."

Niliporudi chuoni nilifungua sura niliyoiruka, ile ya seli za glia. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwani wanasayansi wa zamani walidhani kazi yake ni kushikilia tu seli za neva. Hesabu ileile niliyoipiga jikoni. Kumbe kuna zenye umbo la nyota, zinazosaidia kutoa chakula kwenye damu na kukifikisha kwa seli za neva, na kupangusa kemikali zinazobaki ujumbe ukishapita. Kuna zinazozungushia nyuzi za neva tabaka la mafuta ili ujumbe uende kasi. Nyingine, ndogo, hufagia seli zilizokufa na kupambana na vijidudu. Na siku hizi watafiti wanaona kwamba baadhi husikiliza mazungumzo yenyewe na kuyageuza, kama Mama Wangari, ambaye baadaye siku ile, mjomba alipopandisha sauti katikati ya mahari, aliingia na birika, akamjazia kikombe taratibu hadi hasira ikamtoka.

Sasa unaenda sekondari, mwanangu, na wanasema umerithi mdomo wangu. Sikwambii uache kuuliza. Hata maneno ya shosho niliyachunguza vitabuni kwanza. Ila usiishie kuuliza ni nani anayeongea. Uliza pia nani anamlisha, nani anamkinga, nani anafagia akishamaliza. Na ukiona mtu amekaa tu, kaa naye kidogo kabla ya kusema hana kazi.

Mungu akupe akili isiyochoka kuuliza, na watu wa kuitunza. Siku ya ruracio yako ikifika, usinitafute sebuleni. Nitakuwa jikoni, nikisukuma kuni.