Asiya na Madaktari Wake

Asiya alikuwa mjane wa askari, Mnubi wa Koboko, na mdomo wake haukuwa na breki. Akikuona umekonda atakuambia. Akikuona umenenepa atakuuliza umekula cha nani. Mimi Paska, muuguzi wa hospitali ndogo ya njia ya Midia, nimetukanwa na mama huyo kuliko nilivyotukanwa na mume wangu, na nilimpenda.

Aliingia katika mambo ya hospitali kwa ajili ya Daktari Tahiru. Madaktari wageni walipoondoka, Tahiru aliletewa vijana kutoka Kampala awafundishe kuwa madaktari wa jamaa nzima: mtoto, mjamzito, mzee wa kifua, wote chini ya mtu mmoja. Alikuwa na sharti. Mwezi wa kwanza hushiki kisu wala sindano. Unakaa nyumbani kwa watu, unateka maji, unatwanga muhogo, mpaka ujue nani analala wapi na nani anakula mwisho. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema, na vijana wakanuna. Nyumba aliyoipendelea ni ya Asiya, nyuma ya hospitali, kwa sababu Asiya hakumwogopa msomi.

Mwaka 1978 akaja Jane, mtu wa Lango, kutoka Lira. Baba yake alikuwa sajini. Mwaka 1971, baada ya mapinduzi, askari wenzake wa upande wa Koboko walimuua kambini kwa sababu ya kabila lake tu. Na Tahiru akampeleka kwa mjane wa askari wa Koboko! Nilimwambia usoni kwamba ana wazimu.

Jane alikataa kula. Asiya akasukuma sahani mbele yake.

"Chakula iko hapa. Hasira yako pia iko hapa. Kula kwanza, halafu tutagombana."

Wakagombana kweli. Jane alimwambia yaliyompata baba yake, yote, mpaka jinsi maiti ilivyorudishwa bila macho. Asiya alisikiliza, kisha akalia kwa sauti hadi majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Siku chache baadaye nilimkuta Jane ameketi chini akisukwa nywele, na bado wanabishana. Mwezi ulipokwisha, hakuhama.

Kisha ikaja 1979, na askari walioshindwa vitani wakapita kwetu wakikimbilia Sudan. Walipora hata magodoro yenye damu. Asubuhi moja lori likavunja geti letu. Mlinzi wetu, mzee Pitia, aliinua mkono kusalimu, wakampiga risasi ya shingo. Sajini wao aliingia chumba cha upasuaji.

"Nasikia iko daktari ya Lango hapa. Iko wapi?"

 Wakamshika Tahiru, wakailaza mikono yake mezani, wakaiponda kwa kitako cha bunduki, mmoja, kisha mwingine. Nilisikia mifupa. Alipiga kelele, lakini hakusema Jane yuko wapi. Mimi nilikuwa nimeminywa ukutani, bunduki tumboni, na nawachukia mpaka leo.

Ndipo wakamleta mwenzao kutoka kwenye lori. Paja lilikuwa limepasuka, damu ikiruka. "Tibu ndugu yangu!" sajini akamfokea Tahiru.

Tahiru akainua vile vitu vilivyokuwa mikono. "Kwa mikono gani?" akamuuliza.

Kelele zilikuwa zimefika kwa Asiya. Jane akaingia kwa mlango wa nyuma, Asiya akimvuta nguo na kumtukana, akimwita mjinga, punda, arudi ndani. Jane hakurudi.

"Ni mimi mnayemtafuta," akasema. "Mshikeni mguu."

Aliukamata mshipa, akaufunga, akashona, huku Tahiru akimwelekeza kutoka sakafuni na jasho likimtiririka. Yule kijana akaacha kuvuja damu, akaomba maji. Nikadhani tumepona.

Wakambeba hadi kwenye lori. Sajini alisubiri mlangoni mpaka ndugu yake alipopakiwa salama, kisha akageuka na kumwelekezea Jane bunduki.

Asiya akasimama katikati. "Hii mutoto ni yangu," akasema. "Wewe, nani alikuzaa?"

Risasi tatu. Alimwangukia Jane, wakaenda chini wote wawili. Sajini alimwona Jane amelowa damu, akafikiri kazi imekwisha. Lori likaondoka.

Jane alimfungua kifua Asiya pale pale, akatafuta pa kufunga. Hapakuwepo. Aliendelea kutafuta hadi nilipomshika mikono kwa nguvu.

Jioni wanawake wa Kinubi walikuja kumwosha marehemu. Mkubwa wao, Hawah, aliuliza, "Binti yake iko wapi?" Asiya hakuzaa; Hawah alilijua hilo kuliko sisi sote. Nikamwonyesha Jane, Mkristo, mtu wa Lango, amejikunja karibu na jiko. Hawah akamkabidhi birika, akamwambia aanze kumwosha mkono wa kulia. Jane akaanza.