Migongo Nyuma ya Manju

Shule moja ya Magu iliamua kuchora ukutani watu wanne waliowahi kuvuma wilayani: mkunga, mfanyabiashara wa pamba mwenye asili ya Kihindi, fundi wa mitumbwi, na manju, kiongozi wa kundi la ngoma. Kazi ya kutafuta habari na picha zao nilipewa mimi. Nilizunguka na daftari, nikauliza, nikahakiki kila jambo kwa watu wawili.

Asubuhi ya uzinduzi, wageni wakitarajiwa saa nne, binti wa manju aliingia ukumbini saa mbili. Ni mama wa miaka sabini hivi, kavaa kitenge kipya. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa amesimama mbele ya mchoro wa baba yake, ambao mchoraji alikuwa bado anaumalizia.

"Nani kaleta picha hii?"

"Mimi, mama."

"Umemchora baba akishindwa."

Picha aliyonakili mchoraji niliipata kwa familia ya mpiga picha mmoja wa Nyamagana. Manju ameinua mikono, na nyuma yake watu wamejazana hadi mwisho wa uwanja. Niliichagua kwa sababu ya watu hao.

"Tazama wamesimamaje," alisema.

Wote walikuwa wamempa mgongo. Usukumani makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Umati ule ulikuwa unatazama kundi la pili. Mashindano hayo nimeyaona tangu utotoni, lakini mbele ya picha nilihesabu vichwa, sikutafuta nyuso.

"Watu wa kundi lililomshinda wanakuja leo," mama alisema. "Watanicheka hapa hapa, mbele ya wajukuu zangu. Fundi, wageuze hao watu."

Mchoraji alinitazama mimi. Nikasema haiwezekani, kwa sababu hawakugeuka.

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama. Picha ndiyo inasema."

"Basi wafute wote."

"Manju bila watu?" mchoraji aliguna. "Ataonekana kichaa anapiga kelele peke yake."

"Kichaa ni aliyekupa wewe brashi."

Ilikuwa saa tatu kasoro. Nyuma yetu walikuwa wanapanga viti. Nilitoa simu, nikaikuza ile picha kama ilivyokuwa kabla mchoraji hajaipunguza ienee ukutani. Pembeni kabisa, katika sehemu iliyokatwa, walisimama watu sita, nyuso zao zikimwelekea manju. Nilimpa mama simu. Aliitazama mpaka kioo kikazima, nikamwashia tena.

"Huyu mwenye mtoto mgongoni ni mama yangu."

"Na mtoto?"

"Unadhani nani?" Akanirudishia simu. "Hawa unakubali walikuwepo?"

"Nakubali."

"Wachore hawa. Wale wengine, futa."

Nilijua kwamba kuwafuta mamia na kubakiza sita nako si kusema kweli yote. Sikulisema. Mchoraji alikwishachovya brashi kwenye rangi ya ukuta, na nilishika ndoo ili asipoteze muda kuinama.

Wageni walipoingia, rangi ya wale sita ilikuwa bado mbichi. Mzee mmoja mwenye fimbo, mshabiki wa kundi la pili tangu utotoni, aliwapita mkunga na mfanyabiashara bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwa manju. Akasogeza uso karibu na ukuta. Watu wakageuka kumtazama, maana wengi walimfahamu.

"Siku hii nilikuwepo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mgongo wangu mmeupeleka wapi?"

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Niliogopa kumtazama mama. Yeye aliinuka, akapita katikati ya watu hadi alipokuwa mzee.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Nimeufuta mimi. Ungegeuka, ungechorwa."