Siku Tisa za Kumstahi Mzee

Siku ya saba, Zainab Faki alikuwa na hasira zisizo na pa kwenda. Maiti ya Munir ilikuwa bado mochwari. Chama cha maziko, ambacho yeye ni katibu wake mwaka wa kumi na nne sasa, kilikuwa na fedha benki za kumzika Munir na wengine kadhaa baada yake. Cheti cha kifo kilikwishatoka. Sanda ilikuwa kabatini kwake Tottenham, London, imekunjwa na kutiwa udi. Kilichokosekana ni saini ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa hai, nyumbani kwake, mitaa mitatu tu kutoka kwa Zainab, anakunywa chai.

Munir alikuwa mlinzi wa duka huko Woolwich, mtu wa Micheweni, umri miaka thelathini na minane. Alilala Jumatatu na hakuamka Jumanne. Hakuwa na mke London, wala ndugu. Miaka kumi na moja alitoa mchango wake kila mwezi bila kukumbushwa, na kila hitma yeye ndiye aliyebeba masufuria mpaka kwenye gari. Mama yake kule Pemba alikuwa akipiga simu kila siku baada ya sala ya alasiri, na kila siku swali lake lilikuwa lilelile.

"Mwanangu keshazikwa?"

"Bado, mama. Ni mambo ya karatasi."

"Karatasi gani hizo, Zainab? Nyinyi si mna chama?"

Kumwambia kwamba ni karatasi hakukuwa uongo. Kitu ambacho hakukisema ndicho kilichokuwa kinamla Zainab, nacho alikuwa hajakisema kwa mtu yeyote kwa mwaka mzima.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Msabaha, alikuwa amesahau kuandika jina lake.

Nataka nimtendee haki mzee huyu, kwa sababu bila haki hiyo mtu hataelewa kwa nini watu wazima na akili zao walifanya ujinga walioufanya. Mzee Msabaha ndiye aliyekianzisha chama. Alizunguka mlango kwa mlango, Tottenham mpaka Woolwich, kwa nauli yake mwenyewe, na hata siku moja hakuomba arudishiwe. Benki ilipotia riba kwenye akaunti alikwenda kuwaambia waiondoe, na walipomshangaa akakaa pale pale mpaka meneja akatoka. Zainab alipofika uwanja wa ndege mwaka 2001, na mimba ya miezi sita na mfuko mmoja, aliyekuja kumpokea ni Msabaha. Alimtafutia chumba, akamfundisha kujaza fomu za serikali, na mumewe Zainab alipokufa, jeneza lilitoka likiwa begani mwa Msabaha. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba akili zimeanza kumpotea. Unaanzia wapi?

Zainab aliyaona mapema kwa sababu ndiyo kazi yake. Analea wazee kwenye nyumba ya wazee huko Tooting. Kwanza mzee alikuja mkutanoni Alhamisi badala ya Jumapili, akakaa kwenye ngazi za ukumbi saa mbili nzima. Kisha akamuuliza Zainab mara tatu kwa siku moja kama mama yake amepona, na mama huyo alikuwa ameshakufa. Kisha saini. Saini yake ilikuwa ya herufi za Kiarabu, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kulifunika jina lote, na ikaanza kufupika, ikapinda, mkia ukakatika. Basi Zainab akawa anamsitiri. Akimpelekea fomu anamwekea kidole mahali pa kutia saini na kuanzisha hadithi nyingine ili wenzao wasitazame mkono wa mzee. Mambo yakawa yanapita. Kila yalipopita alijiona amefanya wema, na ndilo linalomtia uchungu mpaka leo.

Afnan, bintiye, yule aliyekuja London tumboni, aliona siku moja tu na akasema. "Mum, that's dementia. Just tell them." Maradhi ya kusahau ya uzeeni, akayataja waziwazi; watoto waliozaliwa London maneno hayawakwami kooni. Zainab alimwambia anyamaze, ile siyo lugha ya kumsemea mkubwa.

Sasa akaunti ile hutolewa fedha kwa saini mbili, ya mwenyekiti na ya katibu. Mambo ya benki kwenye simu mzee aliyakataa zamani na hakuna aliyebishana naye. Ijumaa ile Zainab alipeleka fomu ya malipo ya kampuni ya mazishi, na dada wa dirishani akaitazama, akaitazama tena, akasema saini hailingani. Jumamosi akarudi na fomu nyingine. Safari hii alikuwa amekaa na mzee mezani, amemwekea karatasi ya zamani aigize, na mzee alijitahidi kama mtoto wa chuo cha Kurani anayenakili ubao, ulimi nje. Benki wakaikataa hiyo pia. Mkitaka kumbadilisha mwenyekiti, walimwambia, leteni muhtasari wa mkutano.

Jumapili wakakutana, wanakamati saba, kwenye chumba cha nyuma cha msikiti. Mzee hakuja, alisahau, na Zainab hakumkumbusha. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema, na hapo ndipo alipozunguka.

"Saini ya mzee ina matatizo kidogo," alisema. "Mikono. Labda tumpumzishe."

"Tumpumzishe vipi?" Bwana Shaame, makamu mwenyekiti, aliweka chini kikombe chake. "Mtu aliyetulea sisi sote? Tena akiwa hayupo?"

"Munir yuko mochwari siku ya sita, Bwana Shaame."

"Allah amrehemu. Lakini tusitoke msiba mmoja tukaingia mwingine. Tushauriane. Kushauriana ni sunna."

Wakashauriana kwa muda wa saa tatu. Mmoja alisema benki ina ubaguzi. Mwingine alisema tuandike barua ya malalamiko. Zainab akasema basi tuchange upya, leo, kila mtu alichonacho. Wakamjibu chama kina fedha zake, watu watauliza zimekwenda wapi, itakuwa kama tumemtuhumu mzee. Kila neno lililosemwa mle lilikuwa na adabu, na kila neno lilimweka Munir mochwari siku nyingine. Mwisho wakasoma dua, wakaahirisha mpaka Jumapili ijayo. Shaame akamwambia Zainab mlangoni, kwa upole kabisa, kwamba mwanamke mwenye busara kama yeye asiwe na haraka. Zainab alitamani kumtupia kiatu.

Siku ya saba ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Alikuwa jikoni kwenye nyumba ya wazee anakatakata mkate kama aliyemkosea ni mkate, na mwenzake wa zamu, Kak Norlida, akamnyang'anya kisu. Norlida ni Mmalay wa Johor, mama wa makamo, miaka ishirini London. Kak kwao ni dada mkubwa, na Zainab alishazoea kumwita hivyo. Waliongea kwa Kiingereza chao cha kazini, na Zainab, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kwao, akasema yote. Akasema hata lile neno la Afnan, dementia.

Norlida hakushangaa. "Sisi nasi tuna kikundi chetu, na wazee wetu," alisema. "Na aibu ya kumsema mkubwa tunayo kuliko nyinyi. Tunaiita malu. Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alilala mochwari siku kumi na mbili kwa ajili ya malu."

"Halafu?"

"Halafu tukaandika sheria. Kwanza tunazika, mkutano baadaye. Na mwenyekiti akichoka tunapika kenduri, karamu kubwa, tunamvika kitambaa kizuri, tunampa kiti cha mbele maisha yake yote, tunamwita mshauri. Tunachochukua ni kalamu tu."

"Na asipotaka kuitoa?"

"Ananuna. Mmoja alininunia mimi mwaka mzima. Lakini ile fedha ni amana, Zainab. Siyo yake, wala siyo yangu."

Amana. Kumbe neno hilo wanalo wote wawili. Norlida alitoka uani na simu yake, akarudi kabla maji ya chai hayajachemka. Watu wanne wa kikundi chetu wameulizwa, alisema, wote wamekubali, kampuni ya mazishi italipwa leo. Nyinyi mtatusaidia siku yetu ikifika. Zainab alishika beseni la vyombo akashindwa kushukuru. Alijisikia nafuu, na ndani ya nafuu ile aibu ilikuwa inamwasha. Watu wa kwao wamekaa saa tatu hawakuweza, na huyu maji hayajachemka.

Akampigia Shaame kumwarifu. "Wamalay?" Shaame akasema. "Sasa watu watasemaje?"

Zainab alikata simu. Hajawahi kumkatia simu mtu mkubwa maishani mwake.

Munir akazikwa Jumatano, siku ya tisa, kwenye makaburi ya Waislamu mashariki ya jiji, mvua ya rasharasha inanyesha. Wanaume wa Kimalay walikuja kumi na mmoja, watu ambao hawakumjua Munir hata kwa sura, wakashika makoleo pamoja na wenyeji wa msiba. Na Mzee Msabaha ndiye aliyesoma talkini, yale maneno ya kumkumbusha maiti kaburini. Aliisoma yote kwa moyo, sauti imekaa, hakukosea hata herufi. Zainab, aliyesimama mbali kidogo na wanawake, aliona wanakamati wakitazamana, na Shaame akimgeukia yeye kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Wakati ule aliwachukia wote.

Watu walipoanza kuondoka alimchukua mzee wakakae kwenye benchi la getini, wangoje basi. Alimfunga vifungo vya koti. Mzee alikuwa anatazama gari la Wamalay likitoka.

"Chama kimemzika vizuri," alisema. "Nilitia saini mimi, sivyo?"

Mwaka mzima swali kama hilo lilikuwa na jibu moja, ndiyo ami, na jibu lilikwishafika kwenye ulimi wa Zainab. Ila siku ile alasiri mama yake Munir angepiga tena simu, na safari hii angeuliza kwa nini imechukua siku tisa.

"Hapana, ami. Hukutia. Umesahau saini yako. Unaumwa, ami, kichwa chako kinaumwa, mimi najua tangu mwaka jana."

Mzee hakumtazama. Alipangusa matone kwenye goti lake.

"Hata mimi najua," alisema. "Kabla yako. Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

"Ungeniambia wewe, ami."

"Nilikuona unahangaika kunificha. Unaniwekea kidole, unanipigia hadithi. Nikaona nikisema nitakutahayarisha. Nikakustahi."

Zainab alihisi machozi, na yalikuwa ya hasira. Kwa mara ya kwanza alimkasirikia mzee yule aliyempokea uwanja wa ndege, na akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwamba wote wawili walikuwa wanasitiriana kama watoto wanaofichana kwenye mchezo wa kibe, na Munir wa watu yuko kwenye barafu. Akatoa simu, akafungua kundi la chama, akabonyeza pa kurekodi sauti, akamwekea mdomoni. "Waambie wao, ami. Kama ulivyoniambia mimi."

Mzee alisema, taratibu na bila kuyumba. Mimi Msabaha naumwa maradhi ya kusahau. Siwezi tena kuwa mwenyekiti. Kijana wa watu amekaa siku tisa kwa sababu yangu, mnisamehe. Chagueni mtu mwingine wiki hii, msingoje.

Majibu yalianza kuingia kabla basi halijafika. Zainab alisoma la kwanza, akasoma la pili. *Maashallah, unyenyekevu wa wazee wetu.* *Huu ndio uongozi wa Kiislamu, vijana mjifunze.* *Mzee anatutania, leo kasoma talkini nzima.* La Shaame lilikuwa refu kuliko yote. Lilimwombea mzee umri, likamshukuru kwa kusimamia maziko ya Munir, na likapendekeza jambo la uongozi lisiguswe mpaka baada ya Ramadhani, kwa kumstahi.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza.

"Wanakusalimu, ami." Akajisikia anavyolisema, akashtuka, akageuka. "Hapana. Hawakuamini. Wanasema unatania."

Mzee akatikisa kichwa.

"Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuja kukuchukua," Zainab alisema. "Twende benki sisi wawili, uwaambie mbele yangu jina lako litoke. Wakitaka muhtasari, nitauandika mimi, na Shaame ataniletea huo ubishi wake huko huko."

"Nitasahau. Niandikie."

Hakuwa na karatasi ila ile ya kampuni ya mazishi, yenye jina la Munir. Aliigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa: Jumatatu, saa tatu, benki, kutoa jina, Zainab atakuja. Mzee aliipokea, akaiweka juu ya goti, akaisoma mpaka mwisho huku midomo ikichezacheza. Kisha akamwomba kalamu. Zainab alidhani anataka kuongeza neno. Mzee aliinamisha kichwa na kutia saini chini ya maandishi, haraka, bila kufikiri, kama alivyofanya miaka yote ile.

Zainab aliitazama. Ilikuwa ni ileile iliyoko benki, na mkia wake mrefu umerudi nyuma ukalifunika jina lote. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti la mzee, akamshika mkono kwa sababu basi lilikuwa linakuja.