Kirusi cha Melkiadi

Kama hujawahi kumsikia Melkiadi akianzisha wimbo kwenye jumuiya ya sala, basi Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, hujafika. Mkulima wa maharage na mihogo, shingo fupi, sauti ya kuamsha ng'ombe. Sasa shingo hiyohiyo ikaota uvimbe. Hospitali ya mbali wakamkata kinyama kooni, wakasema ni kansa, na kinyama hicho kitapimwa tena kama kina kirusi.

Aliposikia kirusi hakuuliza zaidi. Akampigia simu mke wake, Annonciata.

"Mama Spès, waambie jumuiya waombe kisipatikane."

Jumuiya ile siyo watu wa kutumwa kazi nusu. Mwenyekiti wao, Pudensiana, akatangaza mfungo, akakiita kirusi majina yote mabaya ya Kirundi anayoyajua, na anayajua mengi.

Majibu yakatoka. "Mzee, kirusi kimepatikana," akasema Daktari Danford.

Melkiadi akaangalia viatu vyake. "Basi nimekwisha."

"Nani kakwambia? Kansa ya koo yenye kirusi hiki mara nyingi inasikia dawa kuliko isiyo nacho. Siyo ahadi, lakini kingekosekana ndo ningekuwa na wasiwasi zaidi. Ni kile ambacho mabinti wanachomwa chanjo yake shuleni."

Melkiadi akatoka mbio na simu.

"Mama Spès, waambie waache kuomba."

"Umekufa?"

"Ningekufa ningepiga simu? Kirusi kipo, na ndo kizuri. Wasikitoe."

"Kirusi gani hicho kizuri?"

"Cha mabinti wa shule."

"Baba Spès, ukirudi tutaongea vizuri. Ila Pudensiana hajala toka asubuhi ya jana. Anasema anakiona kinatoka."

Hapo Melkiadi akaogopa kweli. Mwaka juzi mama huyo aliomba mvua, ikabeba daraja.

"Mpe simu. Haraka."

Pudensiana alisikiliza, akaguna, akasema kirusi yeye hakiombei hata kiwe padri. Wakabishana mpaka akalainika, akaweka simu katikati ya watu.

"Bwana, kile tulichokuomba achana nacho, tuliomba kabla ya majibu. Kansa ndo uiondoe. Hicho kingine utajua mwenyewe. Melkiadi, wimbo."

Koo linamuuma, sauti imebaki kama bawaba kavu ya mlango, lakini akaanzisha. Mishamo wakampokea juu kwa juu, mbiombio kuliko kawaida, maana Pudensiana alishaulizia ugali.